Vipimo vyote safi lakini mwili unaumwa: mawazo yanafanya nini ndani yetu?

Msomaji wa Mwanza ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nauza mitumba. Mwaka jana nilichukua mkopo wa kausha damu niongeze mtaji, belo mbili zikatoka mbovu, na sasa napambana na rejesho la kila Jumatatu. Moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu. Naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Tumbo linauma na kuendesha, mafua hayaniishi, siku zangu sijaziona mwezi wa pili huu, na nimepungua mpaka nguo zinanipwaya. Kichwa kikizidi nameza diclofenac. Nimepima malaria, taifodi, UTI, sukari na moyo, vyote safi. Daktari akaniambia ni mawazo. Niliumia, nikaona kama ananiambia najisingizia. Kweli mawazo yanaweza kufanya yote haya? Na shoga yangu ananishauri nimeze dexa ili mwili urudi. Ni sawa?"

Marahaba dada, na pole sana. Nianze na hilo lililokuumiza. Hujisingizii. Moyo unaodunda saa tisa usiku unadunda kweli, na tumbo linalosokota linasokota kweli. Mawazo yanaufikia mwili kwa njia mbili zinazojulikana na kupimika, neva na homoni, na mwisho wa njia hizo ni moyo, utumbo, mji wa mimba na chembe za kinga, vilevile vinavyoguswa na ugonjwa mwingine wowote. Aliyekuambia ni mawazo huenda yuko sahihi. Ila hakukueleza yanapita wapi, na tena kuna vipimo muhimu ambavyo sivioni kwenye orodha yako. Nitavifikia.

Tuchukue nusu dakika ya Jumatatu yako. Umekaa kwenye kigoda mbele ya nguo zako, simu inaita, jina la afisa mikopo liko kwenye kioo. Kabla hujaamua upokee au uiache iite, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake kubwa ni kunusa hatari, imeshapeleka habari kwa haipothalamasi. Hicho ni kipande cha ubongo chenye uzito wa gramu 4 hivi, kiko chini kabisa katikati ya kichwa, na ndicho kinachosimamia njaa, kiu, joto la mwili na uzazi. Kutoka hapo amri inashuka kwenye uti wa mgongo na kuingia katika neva za simpathetiki, ambazo hazingoji ruhusa ya mtu. Sekunde moja au mbili tu zinatosha. Neva hizo zinamwaga noradrenalini kwenye moyo, na mapigo yanapanda. Mboni za macho zinapanuka. Njia za hewa kwenye mapafu zinalegea ili hewa nyingi ipite. Mate yanakauka, ndiyo maana sauti inakwama ukisema "haloo". Viganja vinatoka jasho. Mishipa ya damu ya tumboni na ya ngozi inabanwa, damu inapelekwa kwenye misuli ya mapaja na mikono.

Baadhi ya neva hizo zinaishia kwenye tezi za adrenali. Ziko mbili, moja juu ya kila figo, kila moja na uzito wa gramu 4 au 5. Sehemu ya ndani ya tezi hiyo ikiguswa na neva inaachia adrenalini moja kwa moja kwenye damu, na kwa damu inafika kila pembe ya mwili. Mwanakemia wa Kijapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ndiye aliyeitangaza homoni hiyo ikiwa imetengwa safi mwaka 1901. Adrenalini inaliamuru ini liachie sukari, inayafungulia mafuta yaliyohifadhiwa, na inaifanya damu iwe rahisi kuganda, ili likitokea jeraha usivuje sana. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyakusanya mabadiliko haya yote akaonyesha kwamba yana lengo moja: kumwandaa mnyama apigane au akimbie.

Sasa wewe huwezi kupigana na afisa mikopo, wala kumkimbia. Sukari imeshaingia kwenye damu, misuli imekaza, moyo unakwenda kama wa mtu anayepanda jabali la Bismarck Rock hapo Mwanza kwa haraka, na wewe umekaa palepale unasema, "Nitatuma jioni, kaka." Mwili umejiandaa kwa kazi ambayo haitafanyika.

Hata hivyo adrenalini haikai. Nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya dakika 2 au 3. Ingekuwa ni hiyo peke yake, ungetetemeka kidogo, ungekunywa maji, ukaendelea na biashara. Ipo njia ya pili, ya polepole, na shida zako nyingi zimo humo.

Wakati neva zikifanya haraka yake, haipothalamasi inaachia homoni iitwayo CRH. Hiyo inashuka mwendo mfupi sana hadi tezi ya pituitari, iliyo chini yake, yenye uzito wa karibu nusu gramu. Pituitari nayo inaachia homoni ya ACTH kwenye damu, na ACTH ikifika kwenye sehemu ya nje ya tezi za adrenali, inaziamuru zitengeneze kotisoli. Mlolongo huu unachukua muda: kotisoli inafika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya tukio. Maana yake ni kwamba simu imeshakatwa, mteja umeshamhudumia, umeshacheka naye, na ndani yako kotisoli ndiyo kwanza inapanda.

Kotisoli si adui. Mtu ambaye tezi zake za adrenali zimekufa hawezi kuishi bila kupewa homoni hiyo kama dawa. Ndiyo inayotuinua asubuhi. Kwa mtu anayelala usiku, kiwango chake huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, huanza kupanda kwenye saa tisa, na kufika juu muda mfupi baada ya kuamka. Kazi yake wakati wa shida ni kuhakikisha sukari haipungui kwenye damu, hata ikibidi kuvunja protini ya misuli ili ini litengeneze sukari mpya. Inashikilia presha isishuke. Inatuliza kinga ya mwili isije ikavuka mipaka. Na inaahirisha kila kisicho cha lazima leo: kujenga mwili, kutengeneza mifupa, kuzaa.

Jambo la kulielewa vizuri hapa ni jinsi inavyozimwa. Kotisoli ikitosha, yenyewe inarudi kwenye ubongo na kuiambia haipothalamasi na pituitari ziache kutuma amri. Ni kama boya la simtanki: maji yanapopanda yanaliinua boya, na boya linafunga koki. Mwaka 1968 Bruce McEwen, mtafiti wa New York, alionyesha kwa panya wa maabara kwamba homoni ya aina hii inashikwa hata kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo tunayoitegemea kwa kumbukumbu, na baadaye ikajulikana kwamba sehemu hiyo husaidia kufunga koki. Ndipo watu walipoelewa kwa nini mtu mwenye msongo wa muda mrefu anasahau bei aliyotaja dakika tano zilizopita. Shida ya muda mrefu inalichosha boya. Koki haifungi sawasawa, na maji yanachuruzika usiku kucha.

Haya yote yalianza kuonekana wazi mwaka 1936, Hans Selye alipochapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa Montreal, Kanada, akiwafanyia panya majaribio ya kila namna: baridi, jeraha, kuchoshwa misuli, dawa kwa kiwango cha sumu. Mateso yalikuwa tofauti, lakini alipowapasua aliwakuta na mambo yaleyale: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi na tezi za limfu, ambazo ni za kinga ya mwili, zimesinyaa, na tumbo lina vidonda. Mwili una lugha moja ya kujibu mateso mengi. Ndiyo maana malalamiko yako, yanayoonekana kama magonjwa sita, yanaweza kuwa na mzizi mmoja.

Tuyapitie basi.

Moyo kwenda mbio ni neva za simpathetiki kukaa tayari muda wote, hata pasipo simu. Kuamka saa tisa usiku kunaangukia saa ileile kotisoli inapoanza kupanda. Kwa mtu aliyetulia usingizi unaivumilia, kwa mtu anayehesabu rejesho akilini hauivumilii. Mafua yasiyoisha nayo yana ushahidi. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu 394 wenye afya waliwekewa virusi vya mafua puani kwa hiari yao, na kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa zaidi ndivyo alivyokuwa rahisi zaidi kuambukizwa.

Tumbo lataka maneno zaidi, kwa sababu hapa Afrika Mashariki karibu kila mtu atakuambia mawazo yamekuletea vidonda vya tumbo. Msongo unachelewesha chakula kutoka tumboni, ndipo unapojisikia kujaa na kichefuchefu, na wakati huohuo unauharakisha utumbo mpana, ndipo unapokimbilia chooni Jumatatu asubuhi. CRH yenyewe ina mkono katika hilo. Yote haya yanaweza kutokea pasipo kidonda hata kimoja. Vidonda ni habari nyingine. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, wakiwa Perth, Australia, waliwatambua bakteria wanaoishi kwenye utando wa tumbo, leo wanaitwa Helicobacter pylori. Watu hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi vinatokana na bakteria hao, au na dawa za maumivu za jamii ya diclofenac, ibuprofen na aspirini. Msongo unaweza kuvichochea vilivyopo, lakini anayekuambia "punguza mawazo vidonda vipone" bila kukupima H. pylori amekunyima tiba ya dawa za wiki mbili tu. Kwa hiyo omba kipimo cha choo cha H. pylori, na diclofenac iache kuanzia leo. Kichwa kikiuma tumia paracetamol kwa dozi iliyoandikwa.

Siku zako. Hedhi haianzii kwenye kizazi, inaanzia kwenye ubongo. Haipothalamasi inaachia homoni ya GnRH kwa mapigo, kila baada ya saa moja na nusu hivi katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na mapigo hayo ndiyo yanayoifanya pituitari iliamshe yai. Homoni za msongo zinayapunguza mapigo hayo. Chakula kikipungua yanapungua zaidi. Yai halipevuki, hedhi haiji. Mwili umeamua huu si wakati wa kubeba mimba, na kwa mtazamo wake una hoja. Mara nyingi mzunguko hurudi wenyewe ukishakula na kulala vizuri, ingawa yaweza kuchukua miezi.

Lakini dada, hapa sitaki uniamini haraka. Mwanamke wa miaka 34 asiyeziona siku zake miezi miwili anapima mimba kwanza, hata akiwa na uhakika gani. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, nayo huzikatisha siku, na hapo hakuna ugonjwa. Halafu lipo jambo lililonigusa nilipousoma ujumbe wako mara ya pili: moyo kwenda mbio, kupungua, kuendesha, kukosa usingizi na hedhi kubadilika. Hiyo ndiyo sura kamili ya tezi ya shingoni, thairoidi, inapofanya kazi kupita kiasi. Homoni zake zinaufanya moyo uwe mwepesi mno kuitikia adrenalini, kwa hiyo mgonjwa anafanana kabisa na mtu mwenye mawazo. Jiangalie: unasikia joto wenzako wakiwa na baridi? Ukinyoosha vidole mbele vinatetemeka? Kuna rovu au uvimbe shingoni, au macho yamejitokeza? Hata ukijibu hapana kwa yote, omba kipimo cha TSH, homoni ya pituitari inayoiamuru thairoidi. Ni cha damu, na hospitali za mikoa na za rufaa hukifanya. Ongeza wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu nao unaukimbiza moyo, na kipimo cha VVU. Kama una kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku, pima na kifua kikuu. Mtu anayepungua bila kukusudia hastahili kuambiwa "ni mawazo" kabla ya haya kufanyika.

Tuseme yote yamerudi safi. Swali linabaki: kwa nini deni likutese kuliko hatari kubwa zaidi walizopitia bibi zetu? Jibu zuri kuliko yote nimelipata kwa nyani wa kwetu.

Robert Sapolsky, Mmarekani, alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara huko Kenya, akiwachoma mshale wa usingizi na kuwapima damu. Nyani wa nyika ile wanapata chakula chao kwa saa chache tu za siku, na muda unaobaki wanautumia kusumbuana. Simba hawaji kila siku, lakini dume mkubwa yupo kila siku. Sapolsky alikuta madume wa chini, wanaoonewa bila kujua kofi litatoka wapi, wana kotisoli iliyo juu hata wakiwa wamepumzika. Wale wenye marafiki, wanaokaa karibu na wenzao na kutoana chawa, walikuwa na hali nzuri zaidi. Amboseli, nako ni Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa tangu 1971, watafiti walipima kinyesi cha madume 125 na mwaka 2011 wakaeleza kitu kingine: dume aliye juu kabisa naye alikuwa na homoni nyingi za msongo kuliko wa pili wake, kwa sababu anailinda nafasi yake usiku na mchana. Nami naona kuwa cheo peke yake hakielezi. Kinachotesa ni kutojua, kutokuwa na la kufanya, na kutopata mapumziko, na marejesho ya kila wiki yana vyote vitatu.

Kuna kisa kingine, cha nyani wa Moremi, Botswana. Majike waliopoteza ndugu wa karibu kwa simba au chui walipanda homoni za msongo kwa muda wa kama mwezi mmoja, kisha zikashuka. Katika kipindi hicho walijiongezea marafiki, wakawatoa chawa wenzao wengi zaidi kuliko kawaida. Nakueleza hili kwa sababu wenye madeni hufanya kinyume chake: wanajificha, wanaacha kwenda kikundini, wanapita njia ya nyuma wasikutane na watu. Mwili unaosoma ukaribu wa watu kama usalama unaachwa peke yake na kotisoli yake. Mtafute mmoja umweleze deni lote kwa tarakimu. Dada yako, mama mlezi, mchungaji, shehe, mwenzako wa sokoni anayejua kunyamaza.

Sasa dexa, na hapa tafadhali nisikilize kwa makini. Dexa ni deksamethasoni, ndugu wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani, na nguvu yake ni kama mara 25 ya kotisoli. Ni dawa nzuri mahali pake. Mwaka 1950 Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa kazi iliyozaa dawa za jamii hii. Dexa hupewa mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae, na mwaka 2020 iliokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliohitaji oksijeni. Lakini wewe una kotisoli ya ziada, na shoga yako anataka uongeze nyingine. Utanenepa, ni kweli. Uso utajaa, tumbo litatoka, watu watakusifia, huku misuli ya mikono na miguu ikiisha. Sukari na presha zinaweza kupanda, mifupa inadhoofika, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, na ukiichanganya na diclofenac hatari ya kutokwa damu tumboni inaongezeka.

Baya zaidi ni lile boya. Ubongo ukikuta homoni nyingi kwenye damu, unaacha kabisa kutuma ACTH, na tezi zako za adrenali zinasinyaa kwa kukosa kazi. Siku utakapoishiwa vidonge, au utakapopata malaria kali, ajali au upasuaji, mwili utaita kotisoli na haitakuwepo. Presha inashuka, unatapika, unalegea, na watu wamekufa hivyo. Krimu za kujichubua zenye clobetasol, dawa ya jamii hiyohiyo ya dexa, zinazoingizwa kwenye mikorogo mingi, zinaweza kufanya vivyo hivyo kupitia ngozi ukizipaka mwili mzima kwa muda mrefu. Usianze dexa. Na kama kuna anayesoma hapa ambaye amezitumia zaidi ya wiki tatu, asiache ghafla. Aende hospitali na pakiti mkononi, apunguziwe dozi taratibu.

Kuhusu kuushusha mwili, zipo njia ambazo zimesimama juu ya haya niliyoeleza. Neva za simpathetiki zina mpinzani wake, mfumo wa parasimpathetiki, na neva yake kubwa ni vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Mapigo hupanda kidogo unapovuta pumzi na kushuka unapoitoa, na vagasi ndiyo inayoyashusha. Kwa hiyo refusha kutoa. Vuta kwa puani ukihesabu hadi nne, toa polepole ukihesabu hadi sita, kama pumzi sita kwa dakika, kwa dakika tano. Fanya hivyo kabla ya kupiga simu, wala usingoje mpaka umeshikwa na hofu. Baada ya simu, tembea. Sukari na mafuta yaliyofunguliwa yalikusudiwa kuchomwa na misuli, na mwendo wa kasi wa nusu saa unayachoma. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu visizidi saa nane mchana. Ukiamka saa tisa usiku usishike simu. Inuka, kaa gizani, pumua hivyohivyo, rudi ukisikia usingizi. Na ule, hata kama hamu haipo: uji wa maziwa asubuhi, maharage, dagaa, mayai ukiyapata. Siku zako hazitarudi kwenye mwili wenye njaa.

Deni nalo litafutiwe dawa yake, maana kupumua hakulipi rejesho. Andika kwenye karatasi kiasi ulichochukua, ulichokwisha kulipa na kinachodaiwa, kisha uombe mazungumzo ya kupangiwa upya, rejesho dogo kwa muda mrefu. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha Tanzania lazima awe na leseni. Uliza leseni yao. Kama hawana, au wanakutukana na kukuchukulia vitu bila utaratibu, peleka malalamiko Benki Kuu. Nimeona wagonjwa ambao presha yao ilishuka wiki ileile waliposaini mpangilio mpya, deni likiwa bado lote. Walikuwa wamepata tarehe inayojulikana na kiasi kinachowezekana.

Ukiona maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkono wa kushoto au taya, kuzimia, choo cheusi kama lami, au ukifikiria kujidhuru, usisubiri zamu ya kliniki. Nenda hospitali iliyo karibu muda huohuo na mtu wa kukusindikiza. Kama halipo lolote kati ya hayo, anza wiki hii na kipimo cha mimba, TSH, wingi wa damu, VVU na H. pylori, na ukishapata majibu niandikie tena.